Kisigino kinauma: mazoezi, soli, mawimbi ya mshtuko au sindano?

Hatua ya kwanza ukishuka kitandani ndiyo inayouma kuliko zote. Maumivu yako chini ya kisigino, kuelekea upande wa ndani. Ukishatembea kidogo yanalegea, halafu jioni yanarudi, hasa kama umesimama kutwa. Mtu mwenye dalili hizo mara nyingi ana tatizo la kano ya unyayo, na hachelewi kupata washauri. Mmoja atamwambia anunue soli za kuweka ndani ya kiatu, mwingine achomwe sindano, wa tatu atamsifia mashine ya mawimbi ya mshtuko. Kila mshauri anamjua mtu aliyepona kwa njia yake, na wala hadanganyi. Wagonjwa walio wengi hupata nafuu ndani ya mwaka hivi hata kwa matibabu mepesi, kwa hiyo chochote ulichokuwa unatumia wakati maumivu yanaondoka ndicho kitakachopewa sifa.

Ndiyo maana nataka tulinganishe njia hizi kwa kuangalia kila moja inafanya nini hasa mguuni, na utafiti umeonyesha nini.

Kwanza, kazi ya kano hii

Kila wayo una mifupa 26. Chini yake umepita ukanda mnene wa nyuzi unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino, ukagawanyika matawi matano na kuishia kwenye mashina ya vidole. Huo ndio kano ya unyayo. Mwaka 1954 J. H. Hicks wa Uingereza alieleza jinsi unavyofanya kazi: vidole vikikunjwa kwenda juu, hasa kidole gumba, kano huzungushwa kwenye kichwa cha mfupa ulio nyuma ya kidole kama kamba kwenye kapi, inakazwa, na tao la wayo linanyanyuka bila msuli wowote kujikaza. Unaweza kuliona mwenyewe. Simama wima, uzito ukiwa sawa miguuni, kisha mwenzako akuinulie kidole gumba taratibu. Tao litapanda mbele ya macho yako. Jambo hilohilo linatokea kila kisigino kinapoachana na ardhi ili kukusukuma mbele.

Mwaka 1987 R. F. Ker na wenzake walichukua miguu iliyokatwa kwa upasuaji wakaibana kwenye mashine, wakaona kwamba tao hutunza nishati na kuirudisha. Walikadiria kuwa ni takriban 17% ya nishati inayotumika na kurejeshwa mtu anapokimbia. Kano ya unyayo inashiriki sana katika kazi hiyo. Mguu wako basi unahitaji kano inayoweza kuvutwa kwa nguvu, tena mara nyingi.

Utafiti mwingine wa kuzingatia ni wa mwaka 2003, wa Harvey Lemont na wenzake, waliochunguza vipande vya kano kutoka kwa wagonjwa 50 waliofanyiwa upasuaji. Walichokuta ni nyuzi zilizochakaa na kuvurugika. Dalili za inflamesheni, yaani ule mwako wa mwili unaopambana na jeraha, hazikuwepo. Hao ni wagonjwa wa muda mrefu, kwa hiyo haituambii kila kitu kuhusu wiki za mwanzo. Lakini inatuonya kwamba kutuliza maumivu na kurudisha uimara wa kano ni kazi mbili, na kila moja ina muda wake. Watu wengi huchagua wakiwa wanafikiria ile ya kwanza tu.

Vigezo

Nitaiuliza kila njia maswali yaleyale manne. Inabadilisha nini mguuni? Nafuu huja lini, na hudumu? Hatari na usumbufu wake ni upi? Na inamfaa nani? Gharama sikuifanya kigezo cha peke yake kwa sababu inatofautiana mno, ila kwa kawaida mazoezi ni bure, soli za kununua tayari ni za bei ya kati, na mashine pamoja na soli za kupimwa, yaani zilizotengenezwa kwa umbo la mguu wako, ndizo zinazotoboa mfuko.

Kuna watu ambao ulinganisho huu hauwahusu kwanza. Kama kisigino kinauma hata ukiwa umelala, kama kimevimba au kinauma ukikibana pande zote mbili, kama kuna ganzi au kuwaka kama moto, au visigino vyote viwili vinauma na mgongo unakaza asubuhi, nenda ukachunguzwe. Inaweza kuwa ufa kwenye mfupa, mshipa wa fahamu uliobanwa, au ugonjwa wa viungo. Mtoto anayekua, kisigino chake kina habari yake tofauti kabisa. Na ukionyeshwa kwenye picha ya eksirei mfupa mdogo uliochomoza chini ya kisigino, usishtuke. Watu wengi wanao na hawaumwi chochote.

Mazoezi

*Inabadilisha nini.* Kuna aina mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kunyoosha: unakaa, unaweka mguu unaouma juu ya paja la mguu mwingine, unashika vidole na kuvivuta kuelekea muundi mpaka usikie kano imekaza chini ya tao. Unahesabu 10, unaachia, unarudia mara 10, mara tatu kwa siku, na ya kwanza iwe kabla hujakanyaga sakafu asubuhi. Hii ndiyo njia iliyopimwa na Benedict DiGiovanni na wenzake mwaka 2003, na ilipunguza yale maumivu ya hatua za kwanza kuliko kunyoosha kigimbi peke yake.

Aina ya pili ni kuimarisha, na inatumia moja kwa moja yale aliyoeleza Hicks. Unasimama kwenye ngazi kwa sehemu ya mbele ya wayo, kisigino kikiwa hewani, na chini ya vidole unaweka taulo iliyoviringishwa ili vidole vikunjwe juu kadiri vinavyoweza. Taulo ndiyo siri ya zoezi lote, kwani bila hiyo unafanyisha kazi kigimbi zaidi kuliko kano. Unapanda kwa sekunde 3, unatulia juu sekunde 2, unashuka sekunde 3. Unaanza na mizunguko mitatu ya mara 12, siku moja unafanya, siku moja unapumzika. Ikizoeleka unaongeza uzito kwa kubeba begi la vitabu mgongoni na kupunguza idadi: mara 10, baadaye 8. Kusudi ni kuipa kano mzigo wa polepole na mzito.

*Nafuu huja lini.* Polepole. Mwaka 2015 Michael Rathleff na wenzake wa Denmark waligawa watu 48 makundi mawili, la kunyoosha na la kuimarisha. Baada ya miezi mitatu kundi la kuimarisha lilikuwa mbele kwa tofauti kubwa. Kufikia mwaka mmoja makundi yote yalikuwa sawa. Wanaolisifia zoezi la taulo husimulia ile miezi mitatu na kuuacha ule mwaka, na wanaacha pia utafiti mwingine wa Denmark, wa Henrik Riel na wenzake mwaka 2023, uliokuwa na watu 180. Wote walipewa ushauri wa kupunguza mzigo na kikombe laini cha kuweka chini ya kisigino. Kundi moja likaongezewa mazoezi mazito, jingine mazoezi pamoja na sindano. Baada ya wiki 12, waliofanya mazoezi bila sindano hawakuwapita kwa kiwango cha maana waliopewa ushauri na kikombe tu.

Mimi bado nayaweka mazoezi mbele kwa watu wengi, lakini nasema wazi kwamba ushahidi wake si wa kishindo. Nayaweka mbele kwa sababu hayadhuru, yanaendana na jinsi kano inavyofanya kazi, na mgonjwa anabaki na mguu wenye nguvu.

*Hatari na usumbufu.* Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika. Yakizidi hadi asubuhi ya pili, umejipa mzigo mkubwa mno. Adui mkubwa ni kuacha njiani: wiki ya tatu hakuna mabadiliko ya kuonekana, na taulo inarudi bafuni.

*Inamfaa nani.* Mtu anayeweza kuvumilia miezi mitatu, mkimbiaji au mtu wa kazi ya kusimama anayetaka kurudi kwenye mzigo uleule, na yeyote ambaye maumivu yake yanamruhusu kusimama kwa vidole.

Soli za kuweka ndani ya kiatu

*Inabadilisha nini.* Hapa historia inasaidia. Kuanzia miaka ya 1960 na 1970, Merton Root wa Marekani alifundisha kwamba mguu una mkao wake sahihi, na kwamba soli iliyopimwa vizuri inaurudisha kwenye mkao huo. Kizazi kizima cha wataalamu wa miguu kililelewa na fundisho hilo. Baadaye watafiti walipata watu waliojitolea kuchomekwa pini kwenye mifupa ya mguu na kutembea nazo, ili mwendo wa kila mfupa upimwe bila kubahatisha. Ilionekana kwamba mifupa ya katikati ya wayo inacheza zaidi ya ilivyodhaniwa, na kwamba watu wanatofautiana sana. Kwa hiyo ukiambiwa mguu wako umepinda na soli itaunyoosha, chukua kauli hiyo kwa tahadhari. Soli inachoweza kufanya vizuri ni kusambaza shinikizo, kuupa kisigino mto, na kulishikilia tao ili kano isivutwe sana kwa kila hatua. Hilo si dogo.

*Nafuu huja lini.* Mwaka 2006 Karl Landorf na wenzake wa Australia walifuatilia watu 135 kwa mwaka mzima. Kundi moja lilipewa soli za kupimwa, jingine soli za kununua tayari, la tatu soli laini nyembamba isiyo na kazi. Baada ya miezi mitatu, soli zote mbili za kweli zilisaidia utendaji wa mguu kuliko ile ya bandia, ingawa kwa tofauti ndogo. Baada ya miezi 12 hapakuwa na tofauti ya maana. Na kati ya ya kupimwa na ya kununua tayari, hazikupitana. Kwa kisigino cha kawaida sioni sababu ya mtu kuanza na ya ghali.

*Hatari na usumbufu.* Ni ndogo kwa wengi: malengelenge, kiatu kubana, siku chache za kuzoea. Ila mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asijiwekee soli ngumu bila kuangaliwa. Inaweza kumchubua asijue, na kwake mchubuko mdogo unaweza kuwa kidonda kisichopona.

*Inamfaa nani.* Asiyeweza kuacha kusimama kwa sababu ya kazi, mwenye uzito mkubwa, aliyetembea na viatu bapa visivyo na mto, na anayetaka nafuu ya wastani huku akifanya jambo jingine. Kuna kipimo rahisi cha kujua kama tao likishikiliwa litasaidia: mtaalamu wa fiziotherapia anakufunga plasta ya kunata chini ya wayo kwa siku chache. Ukisikia nafuu, soli ina nafasi nzuri.

Mawimbi ya mshtuko

*Inabadilisha nini.* Teknolojia hii ilianza kwa kuvunja mawe ya figo mjini Munich mwaka 1980. Nchini Marekani mashine ya kwanza ya kisigino iliidhinishwa mwaka 2000. Kichwa cha mashine kinagandamizwa penye maumivu na kupiga mapigo mengi mfululizo. Inadhaniwa kwamba mapigo hayo yanatuliza miisho ya mishipa ya fahamu na kuuamsha mwili ujenge upya nyuzi zilizochakaa. Kuna ya aina mbili: inayolenga ndani sehemu moja, na inayosambaa kuanzia juu.

*Nafuu huja lini.* Kwa kawaida ni vikao vitatu hivi vilivyoachana kwa wiki, na matokeo yanapimwa baada ya wiki kadhaa. Utafiti umegawanyika. Mwaka 2002 Rachelle Buchbinder na wenzake wa Australia walilinganisha mashine ya kweli na ya kuigiza kwa watu 166, wasione tofauti. Mwaka 2008 Ludger Gerdesmeyer na wenzake wakitumia mawimbi ya kusambaa waliona mafanikio kwa 61% ya waliotibiwa, dhidi ya 42.2% ya walioigiziwa. Zitazame namba hizo zote mbili kwa makini. Mashine ilishinda, ndiyo, lakini watu zaidi ya 40 kati ya 100 walipata nafuu kwa mashine isiyotoa tiba.

*Hatari na usumbufu.* Kikao kinauma, na wekundu au uvimbe mdogo unaweza kubaki kwa siku chache. Haifai kwa mjamzito, mwenye tatizo la kuganda damu au anayetumia dawa za kuyeyusha damu, wala penye uvimbe wa saratani.

*Inamfaa nani.* Aliyeumwa miezi sita au zaidi, ameshafanya mazoezi kwa dhati na kuvaa soli, na hataki upasuaji. Mgonjwa wa wiki tatu hana haja nayo.

Sindano ya steroidi

*Inabadilisha nini.* Steroidi ni dawa inayozima kemikali za maumivu na inflamesheni, na inapunguza unene wa kano iliyovimba. Kuimarisha nyuzi si kazi yake.

*Nafuu huja lini.* Haraka kuliko zote. Mwaka 2012 Andrew McMillan na wenzake wa Australia walitoa sindano kwa kuongozwa na ultrasaundi kwa watu 82, nusu ikiwa ya bandia. Baada ya wiki 4 waliopata dawa walikuwa na maumivu machache. Kufikia wiki ya 8 na ya 12 tofauti ya maumivu ilikuwa imetoweka, ingawa kano zao zilibaki nyembamba kidogo. Tena kuna kisa cha kupendeza kuhusu kuchanganya: mwaka 2019 Finn Johannsen na wenzake waliona sindano pamoja na mazoezi ikishinda kila moja peke yake, lakini ule utafiti wa Riel wa 2023 uliona faida ya mchanganyiko huo ni ndogo mno kuwa na maana kwa mgonjwa. Mjadala haujafungwa.

*Hatari na usumbufu.* Kano inaweza kukatika. Mwaka 1998 Jorge Acevedo na James Beskin waliripoti wagonjwa 765, ambao 51 kati yao kano ilikatika, na 44 kati ya hao walikuwa wamechomwa steroidi. Hiyo haithibitishi kwamba kila sindano ni hatari, maana waliochomwa huenda ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi, lakini inatosha kumfanya mtu asirudie rudie. Mto wa mafuta chini ya kisigino nao unaweza kusinyaa, na huo haurudi kwa urahisi. Mwenye kisukari atarajie sukari kupanda kwa siku kadhaa. Na sindano yenyewe inauma.

Hatari ninayoihofia kuliko hizo ni ya siku ya tano, maumivu yakiwa yamekwisha na mtu akafunga viatu kwenda kukimbia kwenye kano ileile iliyochakaa.

*Inamfaa nani.* Anayeshindwa hata kutembea au kulala, au ambaye maumivu yanamzuia kuanza mazoezi, akiwa tayari kuupumzisha mguu wiki kadhaa baada ya kuchomwa.

Na upasuaji?

Hufikiriwa baada ya miezi 6 hadi 12 ya kujaribu haya mengine. Sehemu ya kano hukatwa ili mvuto upungue. Wengine hupona vizuri, ila ukikumbuka kazi ya kano utaona gharama yake: tao hushuka kiasi na mzigo unahamia upande wa nje wa wayo, ambako maumivu mapya yanaweza kuanza.

Kwa hali yako

Maumivu yana wiki chache tu? Anza na kunyoosha kabla ya hatua ya kwanza, punguza kusimama na kukimbia unakoweza, vaa kiatu chenye mto hata ndani ya nyumba, na ongeza soli ya kununua tayari kama kazi yako ni ya miguu. Hapa haraka ya mashine na sindano haina msingi.

Yana miezi mitatu na umekuwa ukinyoosha tu? Hamia zoezi la taulo, ulifanye kwa ratiba kwa wiki 12, na uandike maumivu ya asubuhi kwa alama 0 hadi 10 kila wiki. Bila kuandika utadhani hakuna kilichobadilika.

Ni mkimbiaji? Si lazima uache kabisa. Punguza umbali na mwendo mpaka asubuhi inayofuata isiwe mbaya kuliko iliyopita, na zoezi la kuimarisha liende sambamba.

Umevuka miezi sita, na umejitahidi kweli? Omba kwanza uhakikishiwe ugonjwa wenyewe kwa ultrasaundi, kwani kano yenye unene wa zaidi ya milimita 4 huonekana mara nyingi kwa wagonjwa hawa. Ukithibitika, mawimbi ya mshtuko yana nafasi. Usipothibitika, huenda umekuwa ukitibu kitu kisichokuwepo.

Una safari au kazi usiyoweza kuahirisha na mguu haukanyagiki? Sindano moja, kwa mkono wa daktari aliyezoea na kwa msaada wa ultrasaundi, ni uamuzi unaoeleweka. Kabla hujatoka kliniki, uliza mazoezi yaanze lini na ukimbie lini.

Una kisukari au miguu imekufa ganzi? Usianze na chochote kati ya hivi nyumbani. Pima kwanza hisia za nyayo, jambo linalochukua dakika chache kwa uzi mwembamba unaogandamiza ngozi kwa nguvu ya gramu 10, kisha daktari na mtaalamu wa miguu wakuchagulie pamoja nawe.